Hesi Iliyolika na Amana ya Fundi
Hapa Kigongo, ambapo tangu Juni 2025 watu huvuka kwenda Busisi darajani badala ya kungoja kivuko, wako bado watiao mikono ziwani kila alfajiri wakiwa na saa ya bandia ya mzamiaji, ambayo kitufe chake cha ubavuni, hesi zikisha kulika, huzunguka bure na kuyakaribisha maji. Fundi akigandishaye kwa gundi, nami naona hiyo ni khiyana, humwachia mwenyewe saa isiyorekebishika majira. Fundi abadili kitufe pamoja na kijibomba chake, atie mpira mpya, kisha alijaribu majini ganda tupu. Kitufe cha hesi nzima huzuia maji kweli: mwaka 1927 mwogeleaji Mercedes Gleitze aliogelea na saa ya Rolex shingoni kwa muda wa yapata saa kumi, nayo haikuingia maji.