LUGHA HAIINGII KWA FIMBO



Makala hii nilianza kuiandika kwa Kifaransa. Nilipofika mustari wa tano nikajiuliza: mambo haya tuliyazungumza usiku mbele ya nyumba ya wageni, na tulipotoka pale tukayacheka kwa Kiswahili, sasa juu ya nini niyavalishe nguo ya kuazima? Nikapasua karatasi, nikaanza upya.

Wote munamukumbuka yule fundi Mwitalia aliyekuja kutengeneza mashini ya umeme. Alikaa kwetu juma mbili. Kila jioni, kisha kula, alipenda kuzungumza na sisi wa enterna, kwa Kifaransa chake cha kuviringisha « r » sawa gari inayopanda mulima. Jioni moja akatuuliza: « Quatre-vingt-dix-neuf munaisemaje ninyi? » Tukajibu wote pamoja: nonante-neuf! Akapiga makofi. Akasema: « Munashinda watu wa Paris. Wao, kwa kusema tisini na tisa, inafaa kwanza wahesabu ishirini mara ine, waongeze kumi, kisha tisa. Ile si namba, ile ni kazi ya hesabu! »

Tulicheka sana. Lakini mimi nilibaki nikifikiri. Septante na nonante tulizirithi kwa Wabelgiji, na Waswisi wanaosema Kifaransa nao wanazisema vile vile. Basi hata kile Kifaransa tunachoogopa hivi, kiko cha namna nyingi, na hakuna mutoto wa Bruxelles anayepigwa juu ya kusema nonante.

Siku ingine akatueleza neno « ciao », ambalo Waitalia wanasalimiana nalo. Linatoka kwa lugha ya mji wa Venezia, na zamani maana yake ilikuwa « mimi mutumwa wako ». Leo vijana wanalitupia rafiki zao barabarani na hakuna anayefikiri utumwa. Mumoja wetu aliyepata kukaa Tanzania akasema: ni sawa na shikamoo ya watu wa pwani, yaani nashika miguu yako, na hakuna anayeinama kushika kitu. Tena Mwitalia akitaka kuheshimu mutu, hata baba mwenye ndevu, anamwita « Lei », ambayo ni neno lile lile la kusema « yeye mwanamuke ». Kila lugha iko na kichaa chake, si ya kwetu tu.

Kisha akaanza kujisifu. Asema Kiitalia ndicho lugha safi ya Ulaya: kinaandikwa kama kinavyosemwa, hakina herufi za bure kama Kifaransa. Ndipo rafiki yangu wa klasi ya tano akamuuliza kwa upole: « Na mama yako, papa, nyumbani anasema Kiitalia kile? »

Mzee alinyamaza. Kisha akacheka kidogo, akasema hapana. Mama yake alisema lugha ya Napoli, na yeye mwenyewe, mutoto mudogo, mwalimu alimupiga vidole juu ya kusema darasani neno la nyumbani.

Kumbe! Tuliona kwamba hata wazungu walipita njia ile. Nchi ya Italia iliunganishwa mwaka wa 1861. Wataalamu wamekadiria kwamba wakati ule, katika watu mia moja, wenye kujua Kiitalia hawakufika kumi. Mutaalamu De Mauro alikadiria hata watatu hawakutimia. Wengine wote walisema lugha za kwao: ya Sicilia, ya Sardegna, ya Piemonte, ya Venezia. Kiitalia cha vitabu kilitoka kwa lugha ya mji wa Firenze, ambayo Dante aliitumia kwa shairi lake kubwa mbele ya kufa kwake mwaka wa 1321. Na Manzoni, mwandishi mukubwa, alikuwa mutu wa Milano. Alitoa kitabu chake mwaka wa 1827, halafu akakiandika tena chote kwa kufuata usemi wa Firenze. Watu wanasema alikwenda kufua nguo zake katika muto wa Firenze, muto Arno. Muwe na akili: mwandishi yule yeye mwenyewe alikuwa anajifunza lugha ya taifa lake akiwa mutu muzima.

Na watu wa chini walijifunzaje? Kwa shule, kwa uaskari, kwa kuhamia miji mikubwa, na kwa televisheni. Kutoka mwaka wa 1960 mupaka 1968, mwalimu mumoja, Alberto Manzi, alifundisha watu wazima kusoma na kuandika katika televisheni. Jina la masomo yake lilikuwa na maana ya « haijakuwa kuchelewa hata kidogo ». Hakumuchekelea mutu. Alichora, alieleza, watu wakajifunza.

Lakini kuko na njia ingine, ya fimbo. Utawala wa Mussolini ulifunga shule za Kijerumani katika milima ya kaskazini, kwa watu walioingizwa Italia kisha vita vya kwanza. Majina ya miji yakabadilishwa. Mwaka wa 1938 hata ile « Lei » ya heshima ikakatazwa. Matokeo yalikuwa nini? Wazazi walifundisha watoto Kijerumani kwa siri, na « Lei » ikarudi mahali pake. Leo katika jimbo la Bolzano Kijerumani na Kiitalia vinakaa pamoja katika ofisi na katika vibao vya njia. Fimbo ilishindwa.

Tusifikiri kwamba Ulaya imemaliza mambo haya. Wale Wabelgiji waliotuletea Kifaransa, wao wenyewe wako na lugha tatu: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Universite ya Leuven ilipasuka kwa ugomvi wa lugha uliowaka mwaka wa 1968, hata vitabu vya maktaba vikagawanywa. Na kisha uchaguzi wa mwaka wa 2010 nchi yao ilikaa siku 541 bila kupata serikali mupya, kwa sehemu juu ya ugomvi ule ule.

Sasa nirudi kwetu. Katika shule la musingi nilikosoma, mutoto aliyesema Kiswahili katika uwanja alivalishwa kipande cha mbao shingoni, akakaa nacho mupaka amukamate mwenzake. Tulijifunza nini? Kuchungulia wengine na kunyamaza. Sheria ya musingi ya mwaka wa 2006 inasema Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Mutu atafungwaje mbao shingoni juu ya lugha ya taifa lake?

Mutaniambia: bila Kifaransa hakuna diploma ya Serikali. Ni kweli, na mimi sikubali maneno ya yule fundi aliyesema tukitupe. Tukishike, tukijue vizuri kupita sasa. Lakini mutu hajifunzi kuogelea kwa kutupiwa mawe.

Na hapa ninaungama. Mwaka uliopita, katika mabishano ya siku ya posho, kijana wa klasi ya kwanza, mutu wa kijijini, alisimama akachanganya Kifaransa, Kiswahili na Kilega. Tulicheka, na mimi nilicheka kupita wote. Alikaa chini. Toka siku ile sijamusikia kusema tena mbele ya watu. Alitaka kutueleza habari ya muto wa kwao uliochukua daraja, na sisi hatukupata kujua uliisha namna gani.

Ninaleta mashauri mawili. La kwanza: posho moja kwa mwezi, mabishano yafanyike kwa Kiswahili, kila mutu na kile anachokijua, cha Bukavu, cha Lubumbashi ama cha kijijini. La pili: siku zingine zote zikae za Kifaransa, lakini anayekosea asahihishwe, asichekwe.

Yule kijana nimekwisha kumwomba musamaha peke yetu. Leo ninamwomba mbele yenu wote. Na ile habari ya daraja, ndugu yangu, sisi tungali tunaingojea.

Mwanafunzi wa klasi ya sita