Nilikosea kuhusu valvu: anzeni na hedifoni

Wadau wa kijiwe hiki, leo nina deni la kulipa. Mwaka jana niliandika hapa hapa kwamba amplifaya yangu ya valvu "imezaliwa upya" baada ya kuibadilishia valvu moja. Niliandika kwa mbwembwe kama bwana harusi wa juzi. Sasa wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia. Aliisoma makala ile, akajibana miezi mitatu, akaagiza valvu kama yangu, akaichomeka. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, mbona mimi sisikii tofauti yoyote? Au masikio yangu mabovu?"

Nikamuuliza anatumia hedifoni gani. Akanitajia za omu 32.

Hapo jasho likanitoka. Masikio yake ni mazima. Mwenye kosa ni mimi, mwandishi wa habari niliyefundishwa kuhakiki jambo kabla ya kulichapisha, halafu nikachapisha furaha yangu bila kuihakiki.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, valvu ni ile chupa ndogo ya kioo inayowaka rangi ya chungwa, iliyokuwa ndani ya redio za babu zetu kabla ya transista. Transista iligunduliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, na taratibu ikazifukuza valvu karibu kila mahali. Zilibaki kwenye amplifaya za magitaa na kwa watu kama mimi, wanaopenda kusikiliza muziki usiku taa zimezimwa, chupa zikiwaka mezani. Sikatai, uzuri wa macho upo. Tatizo ni kwamba uzuri huo unaingia mpaka masikioni bila mwenyewe kujua.

Amplifaya yangu ni Bottlehead Crack. Iliuzwa Marekani kama kifurushi cha vipande, mnunuzi analehemu mwenyewe. Binamu yangu aliilehemu akiwa masomoni huko, akarudi nayo, akaoa, mkewe akasema meza haitoshi. Ndivyo ilivyofika kwangu. Ina valvu mbili tu: ndogo ni 12AU7, inayokuza sauti, na kubwa ni 6080, inayosukuma hedifoni. Hiyo 6080 hata haikubuniwa kwa ajili ya muziki. Ilibuniwa kutuliza volti kwenye mitambo ya kusambazia umeme wa moja kwa moja, na wapenzi wa muziki wakaiteka kwa sababu inatoa mkondo mwingi kuliko valvu za kawaida. Uzi wake wa ndani peke yake unakula volti 6.3 kwa ampea 2.5, yaani karibu wati 16 za joto tupu. Jijini Dar mwezi Februari hilo si jambo dogo, nawaambieni.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo nilipopotea. Crack haina transfoma ya kutolea sauti. Valvu inaongea na hedifoni kwa kupitia kapasita tu. Kwa sababu hiyo ukinzani wake wa kutolea ni mkubwa, kama omu 120. Hedifoni nazo zina ukinzani wake, na sauti inagawanywa kati ya pande hizo mbili. Chukueni kikokotoo. Hedifoni zangu za kazini ni Sony MDR-7506, zile zenye mstari wa bluu mnazoziona kwenye studio nyingi za redio. Zina omu 63. Gawanya 63 kwa 183, unapata 0.34. Yaani katika kila volti ambayo valvu inatoa, theluthi moja tu ndiyo inayofika masikioni, nyingine inapotelea njiani. Sasa chukua Sennheiser HD 600, zenye omu 300. Gawanya 300 kwa 420, unapata 0.71.

Mtu atasema, basi ongeza sauti, yaishe. Haiishi. Hedifoni za omu ndogo zinadai mkondo mkubwa, na valvu ikidaiwa mkondo kuliko uwezo wake inaanza kuikunja sauti. Halafu amplifaya yenye ukinzani mkubwa inashindwa kuukamata ule utando wa spika usiendelee kutikisika baada ya mdundo kwisha. Kwangu besi ilikuwa imelegea kama ngoma iliyonyeshewa mvua. Rekodi za Mbaraka Mwinshehe za miaka ya 1970, ambazo nazijua kama njia ya kwetu, gitaa la besi lilikuwa linaburuza miguu.

Je, nilijiuliza kuhusu hedifoni? Wapi! Nilisoma kwamba valvu fulani ya zamani ya Kiingereza "inakaza besi". Nikainunua. Kisha nikasoma kuhusu ya Kijerumani, nikainunua nayo. Malipo ya makala mbili nilizoandikia gazeti yaliishia kwenye viboksi viwili vya karatasi, jumla shilingi laki tatu na themanini, na mwezi huo nilikopa nauli. Nilipochomeka ile ya Kijerumani sauti ikaruka, ikawa hai. Ndiyo siku niliyoandika ile makala.

Baada ya barua ya kijana wa Mwanza nilibeba mzigo wote hadi kwa fundi mmoja mtu mzima, ambaye zamani alikuwa fundi mitambo wa redio. Hakuniuliza nasikiaje. Alisema, "Mdogo wangu, kwanza tupime." Akacheza mlio wa hezi 100 kutoka kwenye simu, akaweka mita kwenye tundu la hedifoni. Valvu yangu ya awali, iliyochoka: volti 0.50. Ya Kijerumani: volti 0.56, bila kugusa kitufe cha sauti. Hiyo ni kama desibeli 1 zaidi. Sikio la binadamu likisikia kitu kimeongezeka kidogo namna hiyo halisemi "kimeongezeka". Linasema "kimekuwa kizuri". Akapunguza sauti mpaka mita ikasoma sawa, akanigeuza niangalie ukutani, akawa anabadilisha bila mimi kujua. Ilituchukua jioni mbili, maana valvu lazima ipoe kabla ya kuitoa na nyingine ipate moto kabla ya kuisikiliza. Mara 10 nilikisia, mara 5 nikapatia. Hata kwa kurusha shilingi ningepata hivyo hivyo.

Nilinuna, sitawaficha. Mzee akacheka, akanipa kikombe cha kahawa.

Mwanae ni mtayarishaji wa muziki na ana HD 600. Tukaziazima. Wimbo ule ule, valvu ile ile ya zamani ya volti 0.50. Haikuhitaji kugeukia ukuta. Gitaa la besi likasimama wima, sauti ya mwimbaji ikatoka mbele, na nyuma yake nikasikia tarumbeta ambayo kwa miaka yote niliidhani ni kelele za kanda. Lile "joto" ambalo watu wanalisifia katika valvu nalo lina hesabu yake. Ukinzani wa HD 600 haukai palepale kwenye 300. Kwenye besi, karibu na hezi 100, unapanda hadi kiasi cha omu 500. Pale mgawanyo unakuwa 0.81 badala ya 0.71, na besi inanyanyuka kwa desibeli 1 hivi. Kwa hiyo ule utamu mwingi ni ndoa ya ukinzani wa amplifaya na ukinzani wa hedifoni, na kibandiko cha kiwanda kwenye kioo kinachangia kidogo sana.

Kwa mtazamo wangu basi, mwenye amplifaya ya namna hii na hedifoni za omu 32 asinunue valvu hata moja. Atafute hedifoni za omu 300 au 600, hata za mtumba. Kama anazipenda alizonazo, na wengi wanazipenda kwa haki, auze amplifaya, anunue ya transista au ya valvu yenye transfoma ya kutolea sauti. Hilo halipendezi kwenye picha, lakini ndilo litakalosikika.

Anayetaka kuiboresha Crack yenyewe, mambo mawili nimeyasikia kwa masikio yangu. La kwanza ni kile kitufe cha sauti. Cha bei rahisi upande wa kushoto na wa kulia havilingani ukiwa umefungua kidogo, na mwimbaji anahamia bega moja. Alps RK27 ilinitatulia hilo. La pili ni nyongeza iliyoitwa Speedball, ya watengenezaji wale wale. Hii inanichekesha kila nikiifikiria. Inaondoa vipinga kadhaa na mahali pake inaweka saketi ndogo zinazoushikilia mkondo wa valvu usiyumbe. Na saketi hizo zimetengenezwa kwa nini? Transista! Sisi tunaojigamba kwamba tumezikimbia transista, uboreshaji mkubwa kuliko wote tumeupata kwao. Binamu yangu alipolehemu Speedball, sauti ilisafishika kuliko kwa valvu yoyote niliyowahi kuilipia.

Sisemi valvu zote ni sawa. Mbovu inajulikana: inakoroma, inachemka kama mafuta ya maandazi, au ukiigonga kwa ukucha inalia masikioni kama kengele. Hiyo itoe. Tena katika Crack kila valvu ina nusu mbili, moja ya sikio la kushoto na moja ya kulia, hivyo ukilipia kitu, lipia vipimo vya nusu zinazolingana kuliko jina. ECC82 ni 12AU7 hiyo hiyo kwa jina la Ulaya, isikutishe. Lakini 12AX7, ingawa inaingia kwenye soketi ile ile, ukuzaji wake ni kama 100 badala ya 20, na si mbadala wake. Majina makubwa nayo tahadhari, maana maandishi kwenye kioo yanafutika na kuchapwa upya. Telefunken nyingi zina alama ya almasi iliyofinyangwa kwenye kioo chenyewe chini, katikati ya miguu. Mimi yangu niliitazama chini baada ya kulipa. Haina kitu. Muuzaji hajanijibu mpaka leo, na ndiyo kwanza naanza kuelewa kwa nini alikuwa na haraka.

Na jambo la umeme, maana wengi wetu vitu hivi vinatoka Marekani mikononi mwa ndugu. Kule ni volti 120 na hezi 60. Kwetu ni volti 230 na hezi 50. Ile transfoma ya kushushia volti inayouzwa Kariakoo inabadilisha volti tu. Hezi zinabaki 50, na transfoma ya amplifaya iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee itavuma na kupata moto kupita kiasi. Someni kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, kitafuteni kilichoandikwa 50/60. Na msifungue kifuniko kwa sababu tu mmechomoa waya. Ndani kuna zaidi ya volti 150 zinazobaki kwenye kapasita, na haziulizi kama ulitaka kubadilisha valvu au kipinga. Mpeni fundi.

Kijana wa Mwanza nimemwandikia haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Amenijibu kistaarabu kuliko nilivyostahili. Kasema muuzaji wake amekubali kuirudisha ile valvu kwa kukata asilimia 20, na tofauti hiyo nimemtumia kwa simu, ingawa alikataa mara mbili. Sasa anatafuta hedifoni za omu 300. Mdau mwenye HD 600 au HD 650 iliyotumika, ambayo povu la masikioni halijaoza, aniandikie nimuunganishe naye.

Mimi za kwangu bado nadunduliza, za mtoto wa fundi nimezirudisha. Ile ya Kijerumani isiyo na almasi iko kwenye boksi lake. Anayeitaka nitamuuzia robo ya bei niliyonunulia, na vipimo vya mita nitamwandikia kwenye karatasi.