Maharage Yakichemka, Punguza Moto

Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya wananchi wawe wanapika kwa nishati safi. Mjadala mwingi ni wa bei ya mtungi wa gesi, na una haki yake. Lakini sehemu ya gesi hiyo hupotea jikoni kwa kosa ambalo kulirekebisha hakuhitaji hata senti: kuacha moto mkali wakati maharage yameshachemka.

Hesabu yake ni fupi. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 za Selsiasi kunahitaji kilojuli 314 hivi. Yakishachemka, joto la maji halipandi tena hata ukifungulia gesi yote. Nishati ya ziada huyageuza kuwa mvuke. Lita hiyo ikikauka yote, imekula takribani kilojuli 2,257 nyingine, zaidi ya mara saba ya zile za mwanzo. Kwa jiko linalofikisha nusu ya joto lake kwenye sufuria, hizo ni karibu gramu 100 za gesi. Maharage huivishwa na joto la maji, na maji yanayotokota taratibu yana joto lile lile la yanayorukaruka.

Wapo watakaosema moto mkubwa huwahisha chakula. Ni kweli, mpaka maji yachemke. Na mchuzi unaotakiwa kukaushwa unauhitaji pia. Wengine watasema ukifunika sufuria ili mvuke usipotee, povu hufurika. Hufurika kwa ukali wa moto: punguza, kisha acha upenyo mdogo. Hoja nzito ni ya nyanda za juu. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, hivyo maharage huchelewa kweli kuiva. Hata huko, moto mkali haupandishi kiwango hicho. Kinachokipandisha ni shinikizo, ndiyo maana sufuria ya presha hufikia nyuzi 120 hivi. Asiyekuwa nayo aloweke maharage usiku kucha.

Basi kampeni ya nishati safi isiishie kwenye kugawa mitungi; ifundishe na matumizi yake. Familia inayogeuza lita moja kuwa mvuke bila sababu kila siku hupoteza kilo 3 za gesi kwa mwezi, yaani nusu ya mtungi wa kilo 6. Hakuna ruzuku itakayofidia hasara hiyo kila mwezi.