Sikukuu Zilizobaki: Nani Atapumzika?

Pasaka ya mwaka huu wa 2026 imekwisha. Nguo mpya zimekunjwa na kurudishwa sandukuni, mabasi yamewarudisha mjini wale waliokwenda kwao, na wafanyakazi wamekwisha kurejea bandarini, viwandani na maofisini. Jumanne iliyofuata Pasaka tulimkumbuka Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, na baada ya siku hiyo kila mtu ameshika kazi yake.

Ni desturi yetu sote, sikukuu ikiisha, kutazama kalenda ukutani na kuhesabu zilizobaki. Leo twapenda kuzihesabu pamoja nawe, ndugu msomaji. Lakini kabla ya kuhesabu, naomba ruhusa nisimulie habari ya nyumbani kwangu, kwa kuwa ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Jumapili ya Pasaka ukoo wetu ulikutana nyumbani kwa mama, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Tulikuwa watu 23, wakubwa kwa wadogo. Tulitoka kanisani, tukaketi chini ya mwembe, tukaandaliwa wali, ndizi, nyama ya mbuzi na maharage ya nazi. Tulikula tukashiba, tukakumbushana habari za marehemu baba. Nami, kwa kuwa ndimi mtoto mkubwa, nilisimama nikasema maneno machache juu ya upendo na umoja wa ukoo, nikapigiwa makofi.

Jioni mama aliniita kando. Hakusema neno, alinionyesha uani kwa kidevu. Pale, juu ya kigoda, karibu na masufuria yaliyokuwa yakingoja kuoshwa, ameketi binti anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye tulifuatana naye kutoka Dar es Salaam. Alikuwa anakula ukoko. Aliamka saa 10 alfajiri akawasha mkaa. Akapika, akapakua, akaosha vyombo, akapika tena chai ya alasiri. Kanisani hakwenda, ingawa ni Mkristo kama sisi, na gauni lake alikuwa amelipiga pasi tangu Jumamosi.

Mama akaniuliza, “Mwanangu, sisi tumekula Pasaka. Huyu Pasaka yake ni lini?”

Nikajibu upesi, kama wengi wetu tujibuvyo, “Mama, huyu ni kama mtoto wetu.”

Mama akasema, “Kama ni mtoto wetu, mbona hakuketi mkekani na wenzake?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo. Wahenga walisema mganga hajigangi. Nimeandika miaka mingi juu ya haki ya mfanyakazi. Nimewalaumu wenye viwanda wasiolipa saa za ziada, na wakubwa wa kazi wanaomnyima mtu likizo yake. Kumbe mfanyakazi aliye karibu nami kuliko wote, ambaye chai yake nainywa kila asubuhi kabla ya kwenda kuandika maneno hayo, sikumwona. Shuleni, kwa wamisionari, kila Alhamisi Kuu tulimtazama padri akipiga magoti na kuwaosha miguu watu 12. Tuliitazama ibada hiyo mwaka hata mwaka, nami naona sasa kwamba tuliitazama tu.

Basi na tujiulize: sikukuu ni kitu gani? Sikukuu ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kumbukumbu, na la pili ni pumziko. Ikikosa kumbukumbu, huwa siku ya kulala tu. Ikikosa pumziko kwa baadhi ya watu wa nyumba, huwa karamu ya wachache inayobebwa na mgongo wa mwingine.

Juu ya pumziko, sheria haikunyamaza. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa saa 45 za kazi za kawaida kwa juma. Imetaka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Na imeamuru kwamba anayefanya kazi siku ya sikukuu ya taifa alipwe mshahara maradufu kwa kila saa aliyofanya. Sheria hiyo haikusema kwamba mfanyakazi ni yule tu mwenye kofia ya chuma au kitambulisho cha kampuni. Mtumishi wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Tena, mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189, mahsusi kwa ajili ya watu hawa, nao wataka wapewe saa 24 za kupumzika kila juma. Dunia nzima imekwisha kuwatambua. Sisi wenye nyumba ndio tuliobaki nyuma.

Sasa tuzihesabu sikukuu zilizo mbele yetu, na katika kila moja tuulize swali la mama: ni ya nani?

Tarehe 26 Aprili, siku ya Jumapili, tutaadhimisha Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa mwaka 1964. Watoto wetu huiona picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa nchi mbili, na ni picha njema. Lakini udongo uliochanganywa ni udongo wa watu wote, wa mwenye meza na wa mwenye jiko. Itakuwa ajabu kuunganisha nchi mbili na kushindwa kuunganisha sebule na uani.

Mei Mosi itakuwa siku ya Ijumaa. Hiyo ni siku yetu wafanyakazi, na asili yake yafaa ikumbukwe. Mwaka 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa 8, na katika mji wa Chicago damu ikamwagika. Mwaka 1889 mkutano wa wajamaa uliofanyika Paris uliichagua tarehe 1 Mei iwe siku ya wafanyakazi wa dunia. Hapa kwetu, mwaka 1947, wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukasambaa bara kwa kufuata njia ya reli. Watu wale hawakuwa na sheria ya kuwalinda. Walichokuwa nacho ni umoja wao.

Siku hiyo tutaandamana tumevaa fulana mpya na kofia, tutaimba, tutasikiliza hotuba. Ni haki yetu. Lakini ye yote atakayevaa fulana iliyonyooshwa vizuri na ajiulize: ni nani aliyeipiga pasi? Na huyo aliyeipiga pasi, je, hana nafasi katika maandamano?

Mwishoni mwa Mei, mwezi ukiandama, ndugu zetu Waislamu watakuwa na Idd el Hajj, na mwezi wa Agosti tutakuwa na Maulidi. Majirani Wakristo tuna la kujifunza katika Idd hiyo. Desturi yake ni kwamba nyama ya mnyama aliyechinjwa hugawanywa: fungu la nyumba, fungu la jamaa na rafiki, na fungu la maskini. Mgawo huo haungoji huruma ya mtu wala masalia ya sufuria. Umepangwa tangu mwanzo, kabla nyama haijaingia jikoni. Hivyo ndivyo pumziko nalo linavyotakiwa kugawanywa.

Sabasaba itakuwa Jumanne ya tarehe 7 Julai. Ukimwuliza mtoto wa mjini maana ya Sabasaba, atakuambia ni maonyesho ya biashara. Hakukosea, lakini hajui yote. Siku hiyo, mwaka 1954, kilizaliwa TANU, chama kilicholeta Uhuru wa Tanganyika. Nasi wazazi tunapomwambia habari hiyo, mara nyingi twamtajia majina ya viongozi waliokaa mkutanoni, kisha twanyamaza. Tumwambie pia habari za Bibi Titi Mohamed, na za akina mama wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, ambao waliingia chamani kwa wingi, wakawashawishi wenzao nyumba kwa nyumba, wakachanga senti zao. Wengi wao majina yao hayakuandikwa po pote. Walikuwa wapishi, wachuuzi na watu wa mikono mitupu. Kama TANU ingewaacha uani, sijui kama tungepata cha kuadhimisha.

Nanenane, Jumamosi ya tarehe 8 Agosti, ni siku ya wakulima. Hapa sina budi kulikumbusha jambo ambalo wengi tumelisahau. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka waziwazi kwamba akina mama wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote wa nchi hii. Kwamba pengine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Na kwamba hufanya kazi hata Jumapili na siku za sikukuu. Kisha likasema, bila kuuma maneno, kwamba wanaume wa vijijini, na baadhi ya wanawake wa mijini, huishi nusu ya maisha yao wakiwa likizoni.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Maneno hayo yaliandikwa karibu miaka 60 iliyopita, tena katika hati kubwa ya taifa. Hati hiyo hiyo ilikataa mtu mzima mwenye nguvu aishi kwa jasho la mwenziwe. Walioruhusiwa kutegemea wengine ni watoto wadogo, wazee na wasiojiweza. Siku ile ya Pasaka, chini ya mwembe, mimi sikuwa mtoto mdogo, wala kikongwe, wala asiyejiweza. Nilikuwa mtu mzima aliyeshiba.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Mmoja atasema, “Sikukuu bila mapishi si sikukuu, sharti mtu apike.” Kweli, sharti mtu apike. Lakini ni nani aliyeandika kwamba mtu huyo awe yule yule kila mwaka? Kijana wa miaka 20 anayeweza kubeba spika mbili za muziki aweza pia kubeba ndoo ya maji na kuosha sufuria. Mwingine atasema, “Ziko kazi zisizosimama.” Hilo nalo ni kweli. Wauguzi, walinzi, watu wa umeme na madereva wa mabasi hukesha ili sisi tusherehekee. Hao walipwe stahili yao maradufu kama sheria isemavyo, wala wasingoje kuomba kama hisani. Wa tatu atasema, “Kipato changu ni kidogo, siwezi kumlipa mtumishi wangu maradufu.” Ndugu, kama huwezi kumlipa siku hiyo, basi mpe siku hiyo. Kupika mwenyewe hakuhitaji fedha.

Tukiupita mwezi wa Agosti, tarehe 14 Oktoba tutamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Yafaa kumkumbuka si kwa hotuba zake tu. Alipong'atuka katika urais mwaka 1985, alirudi kijijini kwake Butiama akalima. Hakuona haya kushika jembe baada ya kushika nchi. Sisi ambao hatujashika hata kata tunaona haya kushika ufagio!

Kisha tutafika tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru wa mwaka 1961, na tarehe 25 Krismasi, wakati ukoo wetu, Mungu akipenda, utakutana tena chini ya mwembe ule ule. Naitazamia siku hiyo kwa hamu na kwa hofu kidogo, maana najua mama atatazama uani kabla hajatazama meza.

Basi rai yangu ni nyepesi. Ichukueni kalenda leo, wala msingoje mkesha wa sikukuu. Mbele ya kila sikukuu iliyobaki andikeni mambo mawili: jambo gani tutawasimulia watoto siku hiyo, na nani katika nyumba yetu atapumzika. Kila jina la mtu wa nyumba lionekane walau mara moja. Jina likikosekana mpaka Desemba, jueni kuna mtu mmemsahau.

Nyumbani kwangu tumekwisha kuanza. Yule binti atasafiri kwenda kwao Iringa kwa ajili ya Mei Mosi, akiwa na mshahara wake na nauli ya kwenda na kurudi, na siku zake za mapumziko hazitakatwa cho chote. Tulipomwambia alidhani tumemfukuza kazi. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote: kwamba mtu aliyeishi nasi miaka miwili, akisikia neno la pumziko, huogopa. Nyumba ile siku hiyo nitapika mimi, nikisaidiwa na wanangu. Wali ukiungua tutaula umeungua, na watoto watapata cha kusimulia.

Taifa hili lilipoanza safari yake lilianza na wito wa Uhuru na Kazi. Wito huo ulimtaka kila mtu afanye kazi. Hauwezi basi kumnyima mtu ye yote pumziko la kazi yake. Sikukuu njema zijazo, ndugu wasomaji, na ziwe njema kwa walio sebuleni na kwa walio uani.