Chembe Zisizoota Tena



Ndani ya uti wa mgongo umepita mshipa mkuu wa fahamu, unene wake wapata kidole kidogo. Ukikatwa, katikati yake huonekana rangi ya kijivu, umbo kama kipepeo. Humo zimo chembe zinazoamuru miguu na mikono. Jicho tupu halizioni. Mwaka 1873 tabibu Mwitalia, Camillo Golgi, alivumbua njia ya kuzitia chembe za fahamu rangi nyeusi kwa dawa ya madini ya fedha. Chini ya hadubini zikaonekana zina matawi kama mizizi. Uzi wa chembe moja waweza kutoka mgongoni hata mguuni.

Wadudu wa polio huingia kinywani kwa chakula na maji machafu. Watoto wengi hawalemai. Lakini katika 200 walioambukizwa, mmoja hivi huuawa chembe hizo. Zikifa hazioti tena. Mguu hulegea, kisha hukonda, ingawa mfupa na nyama yake havikuwa na kosa.

Basi, wazazi, msimshuku jirani, wala msipoteze mbuzi kwa waganga. Mpelekeni mtoto kliniki tangu mchanga apate matone na sindano ya kinga, asikose hata zamu moja. Tumieni choo, naweni mikono.

Na yule aliyekwisha kulemaa asifichwe nyumbani. Kilichoharibika ni chembe za mgongo. Akili yake ni nzima. Apelekwe shule pamoja na ndugu zake.