Chujio Lisilojua Kiswahili

Ni nadra siku hizi kumkuta mwananchi mwenye simu ya mkononi ambaye hajapata kuletewa ujumbe usemao kwamba ile pesa aitume kwenye namba nyingine, au kwamba ameshinda zawadi katika bahati nasibu ambayo hakuicheza. Wengi wetu huufuta ujumbe wa namna hiyo tukaendelea na shughuli zetu. Wachache huuamini, na hao wachache ndio wanaotafutwa. Tapeli hana haja ya kumdanganya kila mtu. Akituma meseji 10,000 kwa gharama ndogo, hapana shaka watakuwamo watu kadhaa ambao asubuhi ile ile walikuwa wameahidi kumpelekea pesa ndugu, fundi au mwenye nyumba. Kwa mtu wa aina hiyo ujumbe ule hauonekani kuwa uwongo. Huonekana kuwa ukumbusho.

Jambo hili linatugusa zaidi sisi wa mikoa ya kusini. Msimu wa korosho ufikapo, mkulima aliyekwisha kupeleka mzigo wake ghalani hukaa akisubiri malipo ya mnada. Simu yake ikilia, moyo wake huwa tayari kuamini habari yoyote ya malipo. Mjanja aketiye mbali, asiyejua hata mkorosho unafananaje, aweza kuila jasho ya mwaka mzima kwa maneno kumi. Ndiyo maana tunaona yafaa leo tulizungumze suala la machujio ya ujumbe taka: yanafanyaje kazi, matapeli huyakwepaje, na kwa nini mtu mwaminifu naye mara nyingine hunaswa humo.

Uovu huu haukuanzia kwetu. Tarehe 3 Mei 1978 mwuzaji wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, Gary Thuerk, aliwapelekea watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo la kompyuta mpya ambalo hawakuliomba. Wapo waliolalamika, lakini njia ilikwisha kuonekana. Katika posta ya kawaida kila barua ina stempu yake, na gharama hiyo humfanya mtu afikiri kabla ya kutuma. Katika mtandao barua ya kwanza na ya elfu moja zina gharama karibu ile ile. Pale ambapo kusema hakumgharimu msemaji, hasara yote humwangukia msikilizaji.

Chujio ni jibu la hasara hiyo. Kina mama wetu wanakijua kifumbu: tui hupita, machicha hubaki. Lakini kifumbu hutenganisha vitu kwa ukubwa wao, ilhali barua njema na barua ovu zote ni maneno, na aghalabu ni maneno yale yale. Kwa hiyo chujio la ujumbe halina budi kuuliza maswali, nayo ni manne.

Swali la kwanza ni la utambulisho: je, mtumaji ndiye anayejiita? Katika barua pepe mtu aweza kujiandikia jina lolote juu ya bahasha. Ili kuzuia hayo, mwenye anwani hutangaza hadharani orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Hutia kila barua muhuri wa hesabu usioweza kughushiwa kwa urahisi. Na hueleza barua isiyotimiza masharti hayo ifanyweje. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimewalazimisha watumaji wakubwa kutimiza yote matatu. Kwa Google, mkubwa ni yule atumaye barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa wateja wake. Watumaji hao wametakiwa pia kuweka njia rahisi ya msomaji kujitoa, na kuhakikisha malalamiko hayafikii 3 katika kila barua 1,000.

Swali la pili ni la sifa: mtumaji huyu ana historia gani? Tangu mwaka 1998 shirika la Spamhaus, lililoanzishwa na Steve Linford, limekuwa likitunza orodha za seva zinazojulikana kwa kusambaza taka. Seva iliyomo katika orodha hiyo hukuta milango mingi imefungwa kabla hata barua yake haijafunguliwa.

Swali la tatu ni la mwenendo. Namba iliyosajiliwa jana na leo inawatumia ujumbe mmoja watu elfu mbili wasiojuana haifanyi kama afanyavyo binadamu mwenye ndugu na marafiki. Hata bila ya kusoma neno moja, mwendo huo ni ushahidi.

Swali la nne ni la maneno yenyewe, na hapa ndipo penye elimu zaidi. Hapo mwanzo watu waliorodhesha maneno mabaya. Barua yenye neno hilo ikatupwa. Njia hiyo ilishindwa, kwa kuwa neno "zawadi" limo katika barua ya tapeli na limo vile vile katika barua ya shangazi. Watafiti wa Marekani walijaribu mwaka 1998 kutumia kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761, na Agosti 2002 mwandishi wa programu Paul Graham akaieneza njia hiyo kwa makala iliyosomwa sana.

Tuieleze kwa mfano wa kutunga. Tuseme tumekusanya barua 1,000 ovu na 1,000 njema. Neno "zawadi" limo katika ovu 200 na katika njema 10. Barua mpya ikija na neno hilo, uzito unaelekea kwenye uovu mara 20. Lakini barua hiyo hiyo ina neno "ghala", ambalo limo katika ovu 5 tu na katika njema 100. Neno hili nalo linavuta mara 20 upande wa pili. Mizani ikasimama sawa, na chujio likalazimika kusikiliza maneno mengine kabla ya kuamua. Hakuna neno moja linalohukumiwa peke yake; yote hutoa ushahidi, kila moja kwa kadiri ya lilivyozoeleka. Machujio ya leo yamekwenda mbali zaidi ya hapo, lakini msingi haujabadilika: mashine hujifunza kutokana na mifano iliyopewa. Isipopewa mifano, haijui.

Matapeli wanayajua haya. Huandika neno kwa kuchanganya herufi na tarakimu ili lisitambulike. Huficha maneno ndani ya picha. Huongeza mkiani maneno mema yasiyohusika ili kuipotosha mizani. Hubadili namba kila siku. Ujanja huo hufaulu kwa muda, kisha hugeuka kuwa ushahidi dhidi yao, maana mtu mwaminifu hana sababu ya kuliandika neno "zawadi" kwa tarakimu. Anayejifunika uso mchana kweupe huwa amejitangaza.

Kwa sababu hiyo, mtu mwema anayeuliza afanyeje asinaswe tunamjibu kwamba asiige ujanja wa matapeli. Ushirika, shule au duka linalotaka ujumbe wake ufike liwaandikie wale tu waliokubali kuandikiwa. Lisinunue orodha ya majina kwa mtu, kwani orodha hizo huwa na anwani zilizokufa na nyingine zilizotegwa makusudi kama mitego. Litumie jina moja na anwani moja daima, yenye mihuri tuliyoieleza. Kichwa cha barua kiseme lililomo ndani. Lisipige kelele kwa herufi kubwa na alama za mshangao. Anayetaka kujitoa aachwe ajitoe mara moja, maana akinyimwa mlango atalalamika, na lalamiko moja huumiza kuliko msomaji mmoja kupotea.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yetu. Chujio hufanya makosa ya namna mbili: kumpitisha mwizi, na kumfunga asiye na hatia. Kosa la kwanza huonekana, na mwenye kuudhika husema. Kosa la pili halionekani na mtu yeyote. Barua ya kumwita kijana kazini ikiangukia katika sanduku la taka, aliyeituma hudhani imepokewa, na kijana hudhani amekataliwa. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa hakuna anayejua. Hukumu imekwisha kutolewa bila ya mshtakiwa kuitwa.

Na lugha yetu iko katika hatari ya makosa yote mawili. Chujio linalohesabu maneno lilibuniwa na watu wa Kiingereza, ambamo kitenzi chenye maana ya kutuma kina maumbo manne tu. Katika Kiswahili tuna nitumie, utume, umtumie, nimekutumia, zilitumwa, hatujatumiwa, na mamia mengine. Kwa mashine isiyojua sarufi yetu kila umbo ni neno jipya, geni, lisilo na historia. Mifano ambayo ingetosha kulifundisha chujio la Kiingereza haitoshi kulifundisha la Kiswahili, nayo maandishi ya Kiswahili yaliyokusanywa kwa kazi hii ni machache kupita kiasi. Tena vijana wetu huandika "xaxa" wakiwa na maana ya "sasa", na huo si utapeli, ni mtindo. Mashine itapambanuaje?

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tulifurahi, na ilistahili tufurahi. Lakini lugha haitukuzwi kwa ngoma na hotuba za siku moja ikiwa siku 364 zilizobaki mashine zinazobeba barua zetu hazijui "tuma" na "nitumie" ni ndugu wa tumbo moja. Wala tusingoje wageni watufanyie kazi hiyo. Wao hushughulikia kwanza yanayowauma wao. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, imekataza kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na kughushi mahali unakotoka. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na tarehe 20 Januari 2020 ulikuwa mwisho wa muda uliowekwa. Mwananchi aweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na aweza kuiripoti namba ya tapeli kwa 15040. Hatua hizi ni nzuri. Hata hivyo zote humfuata mwizi baada ya ujumbe kumfikia mlengwa. Chujio hufanya kazi kabla.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kampuni za simu, ambazo hupata faida kwa kila ujumbe upitao, zina wajibu wa kuchuja kwa Kiswahili, na za kwanza kuzuiwa ziwe ni namba zenye mwenendo wa kitapeli. Vyuo vikuu vyetu, BAKITA na BAKIZA washirikiane kukusanya mifano ya ujumbe wa kitapeli unaoripotiwa na wananchi, majina na namba za watu zikiwa zimeondolewa kama itakavyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kila ujumbe unaoripotiwa kisha ukatupwa ni somo lililopotea. Ofisi za umma nazo ziache kuwaandikia wananchi kwa anwani za bure za mtu binafsi, kwani zikifanya hivyo zinamzoeza mwananchi kumwamini asiyejulikana.

Lakini tunatoa na tahadhari. Chombo kinachoweza kuzuia uwongo wa tapeli kinaweza vile vile kuzuia neno la haki lisilopendwa na mwenye chombo. Kwa hiyo kanuni za kuchuja ziwe wazi, anayezuiwa ajulishwe, na awepo mtu wa kusikiliza rufani yake. Chujio la wizi lisigeuzwe kuwa chujio la maoni. Bila ya masharti hayo tutakuwa tumemwondoa mwizi mlangoni na kumweka mlinzi asiyehojiwa.

Msomaji naye ana sehemu yake. Alifungue sanduku lake la taka angalau mara moja kwa juma, na akikuta humo barua njema aiambie mashine kuwa si taka. Hapo atakuwa ameifundisha Kiswahili. Akiletewa ujumbe wa kudai pesa asijibu ujumbe, ampigie mhusika kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani. Na kabla ya kuufuta ule wa tapeli, auripoti. Mzee wa kijiji cha pili atakayeletewa ujumbe huo huo kesho huenda hana mjukuu karibu wa kumsomea.