Hodge Hill: Haki ya mwenye ulemavu haibishi hodi

Jimbo la Hodge Hill, mashariki mwa jiji la Birmingham, linawafundisha wanasiasa wa Uingereza jambo moja: kura chache zinatosha kuamua. Julai 2004, Liam Byrne wa chama cha Labour alishinda uchaguzi mdogo jimboni humo kwa tofauti ya kura 460 tu. Julai 2024, mipaka ikiwa imebadilishwa na sehemu ya Solihull kuongezwa, alirudi bungeni kwa tofauti ya kura 1,566.

Tunaanza na hesabu hiyo kwa sababu tunataka kuzungumza na ndugu zetu Waafrika Mashariki wanaoishi Birmingham na ambao ndani ya nyumba zao yupo mtoto, mzazi au ndugu mwenye ulemavu. Tunayasema haya tukijua kuwa wengine wamekaa kimya kwa miaka, wakidhani serikali itawaona yenyewe.

Serikali haioni yenyewe. Historia ya jiji hilo inatosha kuwa ushahidi.

Mwaka 2011 Halmashauri ya Jiji la Birmingham iliamua kubana matumizi kwa kutoa huduma za malezi kwa watu wazima ambao hali zao ni mbaya kupita kiasi tu. Wenye mahitaji makubwa, lakini yasiyofikia kiwango hicho, wangeachwa. Wakazi wanne wenye ulemavu walikwenda Mahakama Kuu. Jaji Walker aliamua kuwa uamuzi wa halmashauri haukuwa halali, kwani haikutimiza wajibu wake chini ya sheria ya kuzuia ubaguzi dhidi ya walemavu. Watu wanne tu walilizuia jiji zima.

Mwaka 2018 zamu ikawa ya watoto. Wakaguzi wa serikali, Ofsted na CQC, walikuta udhaifu mkubwa katika maeneo 13 ya huduma kwa watoto wenye mahitaji maalumu. Waliporudi mwaka 2021 walikuta eneo moja tu ndilo lililopiga hatua ya kuridhisha. Serikali kuu ikamteua kamishna wa kusimamia huduma hizo. Septemba 2023 halmashauri ikatangaza kuwa haina fedha za kukidhi matumizi yake, na mwezi uliofuata makamishna wengine wakapelekwa kusimamia jiji lote. Mwaka 2024 wakazi wakaongezewa kodi ya halmashauri kwa karibu asilimia 10, huku huduma zikikatwa.

Fedha zikipungua, anayepunjwa kwanza ni yule asiyelalamika. Ndiyo maana tunasema ukaguzi, hata uwe mkali namna gani, hautoshi. Mkaguzi huyapima maelezo anayoyapata, na mzazi aliyenyamaza hayumo kwenye ripoti.

Milango ipo. Sheria ya mwaka 2014 inampa mzazi haki ya kuiomba halmashauri impime mtoto wake kwa ajili ya mpango wa elimu, afya na malezi, na halmashauri inatakiwa kujibu ndani ya wiki 6. Ikikataa, mzazi anaweza kukata rufaa kwenye baraza la rufaa. Kwa miaka mingi sasa, wazazi wengi mno waliofikisha kesi zao hadi uamuzi wameshinda, japo kwa sehemu. Kwa mtu mzima, sheria nyingine ya mwaka huo huo inaitaka halmashauri kumpima yeyote anayeonekana kuhitaji msaada. Akiwa hawezi kujieleza vizuri na hana ndugu wa kumsemea, anastahili kupewa mtetezi huru. Malalamiko yakipuuzwa yupo Ombudsman wa serikali za mitaa, ambaye hatozi hata senti moja. Na yupo mbunge, ambaye kupokea shida za wapiga kura ni sehemu ya kazi yake.

Tunajua vizuizi viwili. Cha kwanza ni hofu ya viza. Ni kweli kwamba wenye viza za kukataza ruzuku za umma hawawezi kudai baadhi ya posho. Lakini elimu ya mtoto haimo katika orodha hiyo ya makatazo. Wenye wasiwasi waulize mwanasheria wa uhamiaji, wasiulize kijiweni. Wafahamu pia kwamba raia wa Tanzania, Kenya na Uganda mwenye kibali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa, kama raia wa Jumuiya ya Madola, kujiandikisha na kupiga kura. Katika jimbo la kura 460, huo si mtaji mdogo.

Kizuizi cha pili ni aibu. Hiki tumekileta wenyewe kutoka nyumbani. Mtoto anafichwa chumba cha ndani wageni wakija, kisha tunashangaa jina lake halipo kwenye orodha ya mtu yeyote. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mficha mtoto humnyima hata kile kilichotengwa kwa ajili yake.

Nyumbani nako somo ni hilo hilo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni wenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake kwa mikopo, na 2 kati ya hizo ni za walemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kufuatia dosari zilizoibuliwa na ripoti za CAG, ikarejeshwa mwaka 2024. Kenya nayo, katika Katiba ya 2010, iliahidi angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma. Sheria hizi ni nzuri, lakini ni nani anayekwenda kuhesabu?

Tunawaomba wasomaji wetu walio Birmingham wafanye jambo moja: waandike barua ya kuomba tathmini, watunze nakala, wahesabu wiki. Na walio nyumbani waulize halmashauri zao ile asilimia 2 imekwenda kwa nani. Haki ya mwenye ulemavu haiji kubisha hodi mlangoni. Ni sisi tunaopaswa kwenda kuibishia.